Ugomvi wa chanjo wa Wamarekani si wetu kuuazima

Kuna ugomvi ulioanzia Marekani ambao umeingia katika zahanati zetu bila ya kupiga hodi. Wagomvi ni madaktari, mawakili, wanasiasa na wazazi wa nchi hiyo, na kiini cha mzozo wao ni kama mtoto mdogo, yaani yule aliyetimiza miezi 6 lakini hajafikia umri wa miaka 5, anafaa kudungwa sindano ya kumkinga na virusi vya korona. Swali lenyewe ni la haki na lina uzito wake. Linalosikitisha ni kwamba limefika kwetu likiwa limegeuka sura kabisa, na sasa linawatia hofu akina mama ambao watoto wao hawajapata kupewa, wala kukaribia kupewa, hiyo chanjo inayogombaniwa.

Tuanze na chanzo chake. Mnamo Juni 17, 2022, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliruhusu chanjo mbili za korona zitumiwe kwa watoto kuanzia umri wa miezi 6. Moja ilikuwa ya kampuni za Pfizer na BioNTech, na ya pili ya Moderna. Hata miaka mitatu haijatimia, mnamo Mei 27, 2025, Waziri wa Afya wa nchi hiyo, Robert F. Kennedy Jr., alitangaza kuwa serikali haitaipendekeza tena chanjo hiyo kwa watoto wenye afya njema wala kwa wanawake wajawazito. Mwezi Agosti mwaka huo huo, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilimpinga waziwazi, kikawashauri wazazi wote wenye watoto wa miezi 6 hadi 23 wawapeleke wakachanjwe. Basi mzazi wa huko akaachwa kwenye njia panda, serikali ikimwelekeza huku na daktari wake akimwelekeza kule.

Ungebaki huko ugomvi huo, tungewatakia heri wenyewe na kuendelea na shughuli zetu. Lakini habari za siku hizi hazisubiri meli wala posta. Aliyeko Lodwar na aliyeko Lunga Lunga huzipata saa ile ile aliyezitunga alipozitoa, tena huzipata zikiwa zimekatwa kichwa na miguu. Maneno marefu ya kitaalamu kuhusu chanjo moja, ya ugonjwa mmoja, kwa rika moja la watoto wa nchi moja, hufupishwa yakawa maneno matatu tu: Wamarekani wamekataa chanjo.

Matokeo yake hayahitaji darubini. Katika zahanati moja ya mashambani niliyoizuru, muuguzi alinisimulia habari ya mama mmoja aliyeleta mtoto wake wa miezi 9. Mama huyo alipoiona sindano akauliza, "Sista, hii si ile ya korona ambayo Wamarekani wenyewe wameikataa?" Muuguzi akamjibu, "La, mama, hii ni ya ukambi. Hata wewe ulipokuwa mdogo ulidungwa hii hii." Mama akaangalia chini kidogo, akamfunga mwanawe mgongoni kwa leso, akasema atarudi baada ya kushauriana na baba watoto. Hakurudi wiki hiyo wala iliyofuata. Kwa hakika hakuwa mjinga. Alikuwa na wasiwasi wa mzazi, na hakukuwa na mtu aliyemwondolea wasiwasi huo mapema, kabla ya kupanga foleni na kuiona sindano.

Hivyo basi, yafaa tulijibu swali lenyewe kwanza, tena kwa ukweli, kwa maana anayelikwepa ndiye anayeupa uvumi nguvu.

Korona, tofauti na maradhi mengi tuliyoyazoea katika bara hili, iliwapiga wazee zaidi na kuwapitia mbali watoto. Mtoto mwenye afya njema aghalabu alipata mafua, homa ya siku mbili tatu, kisha akarudi kucheza. Hata hivyo, haikuwapitia mbali wote. Wale wa chini ya miezi 6 walilazwa hospitalini kwa wingi kuliko watoto wakubwa, kwa sababu njia zao za hewa ni nyembamba na kinga yao ingali changa. Waliozaliwa kabla ya siku zao, wenye kasoro za moyo na wenye maradhi ya kudumu ya mapafu nao walikuwa hatarini. Kundi hilo la kwanza, la chini ya miezi 6, haliwezi kupewa chanjo ya korona hata Marekani, kwa kuwa haikuruhusiwa kwa umri huo. Linalowakinga ni jambo la zamani ambalo Mwenyezi Mungu alilipanga kabla ya maabara zote: mama akichanjwa akiwa mjamzito, kingamwili zake hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye huzaliwa akiwa nazo. Ndiyo maana kwa maoni yangu kosa kubwa katika tangazo la Mei 2025 halikuwa lile la watoto, bali lile la kuwaengua wajawazito. Huwezi kudai unamhurumia mtoto mchanga huku ukimnyang'anya kinga pekee anayoweza kuipata.

Kuhusu usalama, wanaoeneza hofu husema kwamba watoto walimiminiwa dawa ya watu wazima. Hayo si kweli. Dozi ya Pfizer kwa mtu mzima ilikuwa mikrogramu 30, na ya mtoto wa chini ya miaka 5 ilikuwa mikrogramu 3, yaani sehemu moja ya kumi. Ya Moderna ilikuwa mikrogramu 25, robo ya ile ya mtu mzima. Fauka ya hayo, majaribio ya Pfizer yalipoonyesha mwezi Desemba 2021 kwamba dozi mbili hazikuamsha kinga ya kutosha kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, kampuni haikupewa ruhusa kwa matokeo hayo. Ilibidi iongeze dozi ya tatu na kuwasubiri watoto wale wapimwe upya. Madhara adimu ya uvimbe wa misuli ya moyo, ambayo yamethibitishwa na kuandikwa, yaliwapata zaidi vijana wa kiume waliobaleghe na wanaume wa umri wa ujana, wala si watoto wachanga. Chanjo yenyewe, kwa hivyo, si sumu.

Lakini kutokuwa sumu si sawa na kuwa ya lazima. Na hapa ndipo wenzetu wenye uwezo mkubwa kuliko sisi walipotofautiana bila ya kutukanana. Kuba ilianza kuwachanja watoto kuanzia miaka 2 mnamo Septemba 2021, kwa chanjo iliyotengenezwa na wanasayansi wake wenyewe. Uingereza haikuwachanja watoto wadogo wenye afya. Iliwatengea chanjo wale tu wenye maradhi ya kuwatia hatarini. Denmark nayo, kuanzia Julai 2022, iliacha kuwapa dozi ya kwanza watoto wote wa chini ya miaka 18 wasio na maradhi ya aina hiyo. Nchi hizi zote zina madaktari waliosoma vitabu vile vile. Kilichowatenganisha ni hesabu ya faida: watoto wangapi wataokolewa, kwa gharama gani, na ni kazi gani nyingine itakayoachwa ili kazi hii ifanyike.

Mwezi Machi 2023, Shirika la Afya Duniani liliiweka hesabu hiyo wazi. Lilisema kuwa watoto na vijana wenye afya, kuanzia miezi 6 hadi miaka 17, wawe katika kundi la mwisho la kupewa chanjo ya korona, na kwamba kila nchi ipime mzigo wake wa maradhi na mfuko wake. Kisha likaongeza neno ambalo wengi hawakulisoma, nalo ni kwamba faida ya kumchanja mtoto mwenye afya dhidi ya korona ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya chanjo za kawaida za utotoni, kama zile za ukambi, za nimonia na za kuharisha kwa virusi vya rota.

Huo ndio msimamo wa makala haya pia. Mtoto wa Kenya mwenye afya na wa chini ya miaka 5 hahitaji chanjo ya korona leo, na serikali haikukosea ilipokomea kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Mtoto mwenye moyo mgonjwa, na mama mjamzito, hao ni habari nyingine, na daktari wao aruhusiwe kuwapa iwapo ipo. Lakini sababu ya kutoidai si ile inayozungushwa kwenye simu. Sababu ni kwamba tuna madeni mengine kwa mtoto huyu, tena ya zamani, na hayajalipwa.

Deni la kwanza ni ukambi, ambao wengine huuita surua. Watu wameuzoea mno ugonjwa huu hata wakaudharau, wakaufanya kuwa ni vipele vya utoto ambavyo kila mtu hana budi kuvipitia. Ukweli ni kwamba hakuna virusi vinavyoambukiza kwa kasi kuliko vyake. Mgonjwa mmoja akiingia katika chumba chenye watu kumi wasio na kinga, tisa huenda wakatoka nao. Mwaka 2023 pekee, ukambi uliua watu wapatao 107,500 duniani, walio wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Na asiyeuawa huweza kuachiwa upofu, uziwi au ubongo ulioharibika. Isitoshe, huufuta mwili wa mtoto kumbukumbu ya maradhi mengine ulioyapigana nayo zamani, hata akapona ukambi halafu akafa kwa nimonia miezi michache baadaye, na kwenye cheti cha kifo ukambi usitajwe.

Ili ugonjwa huu usipate njia, yapasa watoto 95 katika kila 100 wapate dozi zote mbili. Hapa kwetu ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18. Wazazi wengi huuliza kwa nini wasichanjwe mapema zaidi, na jibu lake ni zuri: mtoto huzaliwa na kingamwili za mamake, nazo zikiwa zingali nyingi huishambulia chanjo kabla haijafanya kazi. Hungojwa basi mpaka zipungue. Ile dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwani kufikia miezi 18 mtoto anakimbia, mama amerudi shambani au kazini, na kile kitabu cha kliniki kimewekwa chini ya godoro.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakiandikwi magazetini, labda kwa sababu ni kidogo mno machoni pa wakubwa. Chupa ya chanjo ya ukambi huwa na dozi kumi. Ni unga, na unga huo ukishachanganywa na maji yake, kilichobaki lazima kitupwe baada ya saa 6. Muuguzi aliyeagizwa asipoteze dawa, na ambaye ameletewa watoto wawili tu asubuhi, hufanya nini? Humwambia mama arudi Alhamisi, watakapokuwa wengi. Mama ametembea kilomita nane, au amelipa bodaboda kwa pesa alizokusudia kununulia unga. Alhamisi inafika, mvua inanyesha, na huyo mtoto anaingia katika wale watano wasiokuwamo katika 95. Mimi ningependa kuona waraka kutoka wizarani unaosema kwa herufi kubwa kuwa chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na dozi tisa zilizomwagwa zisihesabiwe kuwa hasara. Ukambi ukiingia kijijini, kila mtoto atakayelazwa atatumia zaidi ya thamani ya chupa hiyo.

Wanaotilia shaka kama chanjo hufaa kweli hawana haja ya kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi. Waende Kilifi. Pale, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, pamoja na wakfu wa Wellcome, wameendesha kituo cha utafiti tangu 1989, na wamekuwa wakiwahesabu watoto wanaolazwa na kile kilichowalaza. Mwaka 2001 Kenya ilipoanza kutoa chanjo yenye kinga dhidi ya bakteria wa Hib, wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia, ugonjwa mkali wa bakteria hao kwa watoto wa chini ya miaka 5 wa Kilifi ulipungua kwa asilimia 88 katika muda wa miaka mitatu. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya bakteria wa numokoki, na ugonjwa mkali wa aina zile zilizolengwa ukapungua kwa asilimia 92. Hao ni watoto wa Kigiriama, wa Kichonyi na wa Kiswahili, waliozaliwa Ganze na Mtwapa, wala si takwimu zilizoletwa kwa ndege. Wapo vijana katika vyuo vikuu vyetu hivi leo ambao wangekuwa makaburini, nao hawajui.

Ili nisieleweke kuwa napinga kuwachanja watoto wadogo dhidi ya magonjwa mapya, natupa jicho kwa majirani zetu wa Kongo. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa wa mpox ni dharura ya dunia nzima. Huo haukuwa kama korona. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watoto wa chini ya miaka 15 walikuwa wengi kuliko watu wazima miongoni mwa waliokufa, na wadogo kabisa ndio waliodhurika vibaya zaidi. Hapo palikuwa na sababu kamili ya kumwanza mtoto. Lakini uchanjaji ulipoanza mjini Goma, Oktoba 5, 2024, chanjo iliyokuwapo ilitolewa kwa watu wazima. Ile ya Japani, ambayo huruhusiwa kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, ilikuwa bado imekwama katika ahadi na makaratasi. Yaani kule ambako kirusi hakikuwa tishio kubwa kwa watoto, dozi zilijaa hadi watu wakazigombania mahakamani, na kule kilikowaua, mama wa Kivu aliambiwa asubiri. Dharura hiyo ilitangazwa kwisha Septemba 5, 2025, na sijasikia mtu yeyote mkubwa akiulizwa juu ya kusubiri kule.

Ninalolisema ni kwamba umri wa mtoto peke yake hautoshi kuamua. Kinachoamua ni ugonjwa gani unaomwua, pale anapoishi. Kwa mtoto wa Kamituga ulikuwa mpox. Kwa mtoto wa Mandera na wa Pokot Magharibi ni ukambi, nimonia na kuharisha.

Sasa tuje kwa serikali yetu, kwa sababu si haki kuwalaumu akina mama kwa kuogopa sindano ilhali wale wasioogopa wanafika kliniki na kukuta hakuna. Katikati ya mwaka 2025, chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha alama mkononi, na ya polio zilikosekana katika vituo vingi nchini. Watoto walizaliwa, wakafungwa vitambaa, wakapelekwa nyumbani bila ya kupewa kinga ambayo ilipasa waipate kabla ya kutoka hospitali. Msomaji azingatie kwamba hizi si chanjo za bei ghali. Hizi ni zile za zamani na za bei nafuu, ambazo serikali yetu huzilipia yenyewe bila ya kumngojea mfadhili. Hakukuwa na vita wala bahari iliyofungwa. Pesa hazikutolewa kwa wakati, basi.

Kisha, mwezi Julai 2025, serikali hiyo hiyo ilianzisha kampeni ya siku kumi ya kuwachanja watoto wapatao milioni 6 dhidi ya ukambi na rubela, na wapatao milioni 19 dhidi ya homa ya matumbo. Kampeni ilikuwa njema na ilihitajika. Lakini hebu fikiria jinsi ilivyoonekana machoni pa mzazi. Wiki chache kabla aliambiwa chanjo ya mtoto wake mchanga haipo. Sasa anafuatwa hadi shuleni na kanisani na watu wenye masanduku ya barafu wakimletea chanjo ambayo hakuiomba, ya jina asilolijua. Je, ni ajabu alipoanza kuuliza maswali? Minong'ono ilienea, na waliojitokeza kuijibu walikuwa wachache na walichelewa.

Uchelewaji huo tumeuona kabla. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki waliposhuku chanjo ya pepopunda, na mwaka 2015 waliposhuku ile ya polio, maafisa waliwajibu kwa mikutano ya waandishi wa habari badala ya kuketi nao mapema na kuwafungulia makaratasi. Polio ilikuwa imewapata watu 14 hapa nchini mwaka 2013 tu, kwa hivyo halikuwa jambo la kubahatisha. Nchini Nigeria, baadhi ya majimbo ya kaskazini, Kano likiwa mbele, yalisusia chanjo ya polio mwaka 2003. Virusi vikatoka huko, vikaenea katika nchi takriban 20, hadi vikafika Yemen na Indonesia. Uvumi uliotungwa mahali pamoja ulilemaza miguu ya watoto ambao wazazi wao hawakuusikia.

Kinachonipa moyo ni habari ya mtu mmoja wa pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Mnamo Oktoba 1977 alikubali kuwaonyesha njia wagonjwa wa ndui waliokuwa ndani ya gari, safari ya dakika chache, naye akaambukizwa. Alifanya kazi hospitalini, lakini aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu yake. Alipona, na akaingia katika historia kuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida; mwaka 1980 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa. Baada ya miaka mingi, polio ilipokuwa ikilemaza watoto wa Somalia, Maalin alijitolea kwenda mlango hadi mlango. Mama aliyekataa chanjo hakumgombeza. Alimsimulia yaliyompata yeye. Mwaka 2013 polio iliporudi tena nchini humo aliirudia kazi hiyo, akashikwa na malaria akiwa kazini, akafa Julai mwaka huo.

Wizara yetu ingeweza kujifunza kutoka kwake. Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, waliopewa mikoba na simu mnamo Septemba 2023. Hao wanaingia majumbani. Wanajulikana kwa majina, huitwa shangazi na mjomba, na wanaweza kumweleza mama tofauti baina ya chanjo ya korona na ya ukambi wakiwa wameketi mkekani, siku tatu kabla ya kliniki. Lakini huwezi kumtuma mhudumu akamhimize mama aende zahanati ambayo friji yake haina kitu. Akimdanganya mara moja, mlango huo hafunguliwi tena, na siku kutakapozuka ugonjwa mwingine mpya, unaowaua watoto kama mpox ulivyowaua kule Kongo, maneno yake hayatasikizwa.

Na friji hizo zitazidi kuwa tupu tusipojitayarisha. Kenya imehesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini, na kwa hivyo shirika la Gavi, ambalo tangu mwaka 2000 limezisaidia nchi maskini kununua chanjo, linapunguza mchango wake kwetu mwaka baada ya mwaka. Ifikapo 2030 au karibu na hapo, tutatarajiwa kujilipia chanjo zote, zikiwamo zile mpya za nimonia, rota na malaria ambazo ni ghali. Juni 2025, Waziri Kennedy alitangaza pia kwamba Marekani haitalipa tena fedha kwa shirika hilo. Hili ndilo tangazo lake ambalo Mkenya alipaswa kulisikia. Lile la korona halimhusu mtoto wa Kenya hata chembe. Hili linahusu chupa atakayofunguliwa au atakayokosa mwaka 2030, na halikuzungushwa kwenye simu ya mtu yeyote ninayemjua.

Bunge lina kamati ya afya na lina kamati ya bajeti. Makadirio yatakapofikishwa mbele yao, wabunge wayatafute matumizi ya chanjo, wamwite Waziri wa Afya na mwenzake wa Hazina, na wawaulize maswali matatu: pesa za kifua kikuu, polio na ukambi zitatolewa tarehe gani, ghala la Kitengela lina akiba ya miezi mingapi, na nakisi itakayoachwa na Gavi imepangiwa kujazwa kwa kodi ipi. Fedha hizo zitengwe kisheria zisiweze kuhamishwa kulipia jambo jingine, jinsi mishahara ya majaji isivyohamishwa. Na magavana, ambao zahanati ni zao, wachapishe kila mwezi kwenye ubao wa kila kituo ni chanjo gani zilizopo na zipi hazipo, ili mama aliyeko kilomita nane aweze kupigiwa simu na jirani kabla hajambeba mtoto mgongoni.